Yoga wakati wa msiba: kuusaidia mwili unaoomboleza

Wiki ya kwanza nyumba inajaa. Maturubai yanafungwa uani, akina mama wa jumuiya wanapika, ndugu wanafika kutoka Dar es Salaam, Arusha na Nairobi, na usiku wanawake wanalala kwenye mikeka pamoja na mfiwa. Kisha matanga yanaanuliwa, viti vya kukodi vinarudishwa, na kila mtu anarudi kwake. Huku Moshi na kwenye miteremko ya Kilimanjaro, kaburi mara nyingi liko kihambani, hatua chache kutoka mlango wa jikoni. Anayekwenda kukata majani ya ng'ombe asubuhi analipita. Anayerudi na ndoo ya maji analipita tena.

Hapo ndipo akina mama wengi huanza kuumwa. Kifua kinabana, usingizi unakatika saa nane usiku, mgongo na mabega yanakaza, chakula hakipiti. Wengine hupimwa malaria na presha, na vipimo havioneshi kitu. Makala haya yanaeleza jinsi mazoezi mepesi ya yoga yanavyoweza kuusaidia mwili wa namna hiyo, mahali yasipoweza kusaidia, na jinsi ya kuyafanya nyumbani bila gharama. Tumemwandikia mama aliyefiwa na mume, mzazi au mtoto, na pia bibi, shangazi au dada anayelea watoto waliofiwa.

Msiba unafanya nini mwilini

Tunasema msiba uko moyoni, lakini mwili wote ndio unaoubeba. Mtu anapopata pigo kubwa, mwili hutoa homoni zilezile zinazotoka anapokimbia hatari. Moyo unakwenda mbio, pumzi zinakuwa fupi na za juu juu, misuli ya taya, shingo na mabega inajikaza. Hali hiyo ikidumu saa moja haina madhara. Ikidumu miezi, humchosha mtu, humharibia usingizi na tumbo, na humwishia uvumilivu hata kelele ndogo ya mtoto inamfanya afoke.

Moyo huwezi kuuamuru upunguze kasi. Pumzi unaweza. Upo mshipa mkubwa wa fahamu unaotoka kwenye ubongo, ukapita shingoni na kushuka hadi kifuani na tumboni. Mtu anapotoa pumzi polepole, mshipa huo huuambia moyo upunguze mwendo. Ndiyo sababu mtu akilia sana, kisha akashusha pumzi ndefu, huhisi mwili umelegea kidogo. Yoga, ukiondoa mapambo yake yote, imejengwa juu ya jambo hilo dogo: kuusogeza mwili taratibu huku ukiifuata pumzi.

Je, yoga ni dini?

Swali hili huulizwa mapema, na ni la haki. Yoga ilianza India, na kwa Wahindu wengi ni sehemu ya njia yao ya kiroho. Lakini yoga inayofundishwa leo katika hospitali, shule na kumbi za mazoezi duniani kwa kawaida ni kunyoosha viungo, kupumua na kupumzika. Mwaka 2014 Umoja wa Mataifa uliitangaza tarehe 21 Juni kuwa siku ya kimataifa ya yoga, na huadhimishwa katika nchi za imani zote.

Ushauri wetu ni huu. Huhitaji kutamka neno lolote usilolielewa. Huhitaji sanamu, ubani wala jina la mungu yeyote. Ukitaka kusali sala yako wakati unapumua, sali. Mkristo atasali ya kwake na Mwislamu atamtaja Mungu kwa namna anayoijua. Ukienda kwenye darasa na mwalimu akakutaka useme maneno ambayo dhamiri yako haiyakubali, nyamaza au toka, hakuna atakayekosewa heshima. Na kama neno lenyewe "yoga" litaleta maneno nyumbani kwa wakwe, yaite mazoezi ya viungo. Hujamdanganya mtu.

Mjane aliye katika eda naye anaweza kuyafanya chumbani mwake, kwa kuwa hayamtaki atoke.

Tunajua nini hasa?

Tuanze na kitu kilichofanyika hapa hapa. Watafiti kutoka vyuo vikuu vya Marekani walishirikiana na shirika la utafiti la wanawake lililoko Moshi, TAWREF, kuwasaidia watoto waliofiwa na wazazi. Hawakutumia madaktari bingwa. Waliwafundisha watu wa kawaida wa jamii, wasio na elimu ya afya ya akili, waendeshe vikundi vya watoto kwa wiki 12, na walezi wao wakahusishwa. Matokeo ya kundi la kwanza, watoto 64 wa Moshi mjini na vijijini, yalichapishwa mwaka 2014: huzuni iliyowakwama na dalili za mshtuko zilipungua. Baadaye ulifanyika utafiti mkubwa zaidi wa watoto 640 wenye umri wa miaka 7 hadi 13, nusu yao kutoka eneo la Moshi na nusu kutoka Bungoma, Kenya. Ulichapishwa mwaka 2020. Tiba ilipokwisha, watoto walioipata walikuwa na nafuu kubwa kuliko wenzao katika maeneo matatu kati ya manne. Mwaka mmoja baadaye tofauti hiyo ilibaki Kenya. Kwa upande wa Tanzania, watoto waliopata tiba na wale waliopata huduma za kawaida walikuwa wamekaribiana.

Ile haikuwa yoga, na tusiseme ilikuwa. Ilikuwa tiba ya mazungumzo. Lakini ndani yake watoto hufundishwa kutuliza mwili kwa kupumua na kulegeza misuli kabla ya kuambiwa wasimulie kifo cha mzazi. Mpangilio huo una maana. Mtu ambaye mwili wake unatetemeka hawezi kusimulia. Kwanza mwili utulie, kisha maneno yaje. Mazoezi tunayoyaeleza hapa yanafanya ile kazi ya kwanza. Ya pili bado inahitaji mtu wa kukusikiliza.

Yoga yenyewe imetumiwa na watu waliopatwa na makubwa katika ukanda wetu. Nchini Rwanda, kuanzia mwaka 2007, mradi ulioitwa Project Air uliwafundisha yoga wanawake walionusurika mauaji ya kimbari ya 1994, wengi wao wakiishi na virusi vya UKIMWI. Mwaka huohuo Nairobi ilianza Africa Yoga Project, ambayo huwafundisha vijana wawe walimu wa yoga katika mitaa yao. Kuhusu msiba wenyewe, tafiti ni chache na ndogo. Mojawapo, iliyofanyika Marekani, iliwahusisha wanawake 90 waliojifungua watoto wakiwa wamefariki. Baadhi yao walifanya yoga nyumbani kwa wiki 12 kwa kufuata video. Waliopangiwa dakika 150 kwa wiki hawakuzifikia. Hilo halitushangazi hata kidogo. Aliyefiwa na mtoto utampangia saa mbili na nusu za mazoezi? Kwa hiyo tunapendekeza dakika 10, na siku ukishindwa, tatu.

Unavyoweza kuanza

Unahitaji mkeka, kanga mbili za kukunja ziwe mto, na suruali nyepesi chini ya gauni ili usihangaike na nguo. Huku juu, Machame, Kibosho au Mwika, asubuhi za Juni na Julai ni za baridi kali. Usianze na mwili wa baridi. Ota moto jikoni kwanza, au fanya jioni baada ya kuoga maji ya moto. Usifanye mara tu baada ya kula. Mlango ufunge, na mwambie mtu mmoja nyumbani unachofanya ili usiitwe kila dakika.

Anza umekaa, kwenye kigoda au ukingo wa kitanda, nyayo zote mbili zikiwa chini. Weka mkono mmoja tumboni. Vuta pumzi kwa pua ukihesabu hadi tatu, tumbo lisukume mkono. Toa pumzi ukihesabu hadi tano au sita, kama mtu anayepoza uji wa moto. Usiibane pumzi katikati. Rudia mara kumi. Kizunguzungu kikija, acha, pumua kawaida.

Hapa tuseme jambo ambalo vitabu vingi vya yoga havilisemi. Kama ulimuuguza mtu aliyefariki akihangaika kupata hewa, kuisikiliza pumzi yako kunaweza kukurudisha kwenye kitanda kile cha wodini. Ukihisi hivyo, iache pumzi kabisa. Peleka mawazo kwenye nyayo: zikandamize sakafuni, zilegeze, zikandamize tena. Au shika kikombe cha chai ya moto kwa mikono miwili na uhisi joto lake. Kinatuliza vilevile.

Ukiwa bado umekaa, pandisha mabega hadi karibu na masikio unapovuta pumzi, yaachie yashuke unapotoa. Mara tano. Kisha laza sikio la kulia kuelekea bega la kulia, kaa hapo pumzi tatu, halafu upande wa pili. Aliyebeba mkungu wa ndizi au tita la majani kwa miaka ataskia shingo inavuta. Isivute hadi kuuma.

Sasa piga magoti mkekani na uweke viganja chini, mgongo ukiwa kama meza. Unapovuta pumzi, legeza tumbo lishuke na uinue kifua. Unapotoa, pindisha mgongo kwenda juu kama paka aliyeamka usingizini, kichwa kikishuka. Fanya mara nane, taratibu. Hili ndilo zoezi ambalo akina mama wenye mgongo hulipenda mapema zaidi.

Kutoka hapo, kalisha makalio kwenye visigino na uiname mbele, paji la uso likitua kwenye kanga ulizokunja. Mikono iwe mbele au kando ya mwili. Huu huitwa mkao wa mtoto. Kama magoti yanauma, kaa kwenye kigoda na uinamie kitanda, kichwa juu ya mikono. Kaa pumzi kumi. Wengi hulia katika mkao huu. Usiogope na usijilazimishe kuacha. Kifua kilichokuwa kimejikaza tangu siku ya mazishi kikilegea, machozi hupata njia. Ukimaliza, futa uso, kunywa maji.

Kisha lala chali karibu na ukuta na uinue miguu uiegemeze ukutani, makalio yakiwa karibu na ukuta kadiri unavyoweza. Dakika tatu hadi tano zinatosha. Ni mzuri usiku kwa asiyelala. Usiufanye kama una presha isiyodhibitiwa, presha ya macho, au mimba iliyokua.

Darasa la yoga kwa kawaida huisha kwa kulala chali kimya, mikono pembeni, macho yamefungwa. Jina lake la asili lina maana ya mkao wa maiti. Walimu wengi hulitaja bila kufikiri, na mtu aliyetoka kumwosha na kumvika mama yake hawezi kulisikia kama neno la mazoezi. Wewe lala kwa ubavu, magoti umeyakunja, kanga katikati ya magoti, macho wazi ukipenda. Mapumziko ni yaleyale.

Kama kuna mwalimu karibu, mweleze kabla ya darasa kwamba umefiwa, na kwamba hutaki kuguswa bila kuulizwa. Mwalimu mwema ataelewa. Anayekuambia yoga itakuondolea huzuni kwa siku kadhaa, au anayekuuzia dawa pamoja na darasa, mkimbie.

Mama aliyepoteza mtoto tumboni au mchanga

Msiba huu mara nyingi hupita kimya. Hakuna maturubai, mazishi hufanywa haraka na watu wachache, mara nyingine mama akiwa bado wodini, na baada ya siku chache anaambiwa "utapata mwingine". Mwili wake lakini haujaambiwa. Maziwa huja siku ya tatu au ya nne kama kawaida, na hakuna wa kuyanyonya.

Kwanza, maziwa. Vaa sidiria inayoshikilia bila kubana, usiyafunge matiti kwa nguvu kwa kanga. Weka kitambaa cha maji baridi, kamua kidogo tu ili kupunguza maumivu, na muulize muuguzi kuhusu dawa ya maumivu. Titi likiwa jekundu na la moto, ukapata homa, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo.

Mazoezi subiri. Pumzi na mabega unaweza kufanya hata kitandani wiki ya kwanza. Kupiga magoti, kuinama na kuinua miguu kungoje damu ikatike na muuguzi akuangalie, kwa kawaida wiki sita. Aliyefanyiwa upasuaji huenda akahitaji zaidi. Mkao wa kuinama mbele unaweza kukandamiza matiti yaliyojaa. Uruke.

Na jambo moja tunalolisema kwa uzoefu wa kuzungumza na akina mama: kuweka mkono tumboni wakati wa kupumua, zoezi linaloonekana jepesi kuliko yote, kwa mama huyu ndilo gumu kuliko yote. Weka mkono kifuani. Tumbo litafikiwa baadaye, au lisifikiwe.

Ukiwa unalea watoto waliofiwa

Mtoto haombolezi kama mtu mzima. Analia, dakika tano baadaye anacheza mpira wa makaratasi, na mtu anasema "huyu hajaelewa". Ameelewa. Huzuni yake huja kwa vipande: kukojoa kitandani, kuumwa tumbo asubuhi ya shule, kupigana, kumng'ang'ania bibi asitoke. Usimwambie kwamba baba amesafiri au amelala. Atamngoja, au ataogopa kulala. Mwambie amekufa, na kwamba hakuna alichokifanya yeye kilichosababisha.

Mazoezi yafanyeni pamoja, kama mchezo. Mtoto wa miaka minne atapumua vizuri ukimwekea kitu chepesi tumboni, kikombe cha plastiki kwa mfano, akiwa amelala chali, akakitazama kikipanda na kushuka. Wapuliziane manyoya ya kuku. Wawe paka anayekasirika, wawe mgomba unaoyumba kwa upepo bila kuanguka. Wa darasa la tano na kuendelea wataona aibu. Wape kazi ya kuhesabu pumzi za bibi. Bibi akitulia, nao hutulia. Tumeona hili mara nyingi kiasi kwamba tungemshauri mlezi mwenye nafasi ya mtu mmoja tu kufanya mazoezi ajichukue yeye kwanza.

Mtoto asiyetaka asilazimishwe, na asilazimishwe kufumba macho.

Siku ambazo mazoezi hayatoshi

Huzuni haina kalenda, na kumkumbuka marehemu miaka mingi baadaye si ugonjwa. Shirika la Afya Duniani, hata hivyo, limeitambua hali ambapo huzuni inabaki kali ileile kwa zaidi ya miezi sita, kupita desturi za jamii yake, na inamzuia mtu kufanya kazi, kulea au kuishi na wenzake. Hali hiyo inatibika kwa mazungumzo na mtaalamu. Anza kwenye zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Wao wanaweza kukupa rufaa hadi hospitali ya mkoa ya Mawenzi au KCMC. Mchungaji, padri, shehe au mama wa jumuiya wanaweza kukusindikiza. Wengi huogopa kwenda peke yao, kwa kuwa watu watasema amechanganyikiwa.

Usingoje miezi sita kama husikii usingizi kabisa kwa siku kadhaa, huli, unakunywa pombe ili ulale, unamsikia marehemu akikuamuru kufanya jambo, au unafikiri ni afadhali ukamfuate. Hilo la mwisho mwambie mtu leo. Na wewe unayeambiwa, usimkemee wala usimwambie anakufuru. Kaa naye, asilale peke yake, na toeni nyumbani dawa za kunyunyizia kahawa na mboga pamoja na vidonge vilivyobaki vya mgonjwa aliyefariki. Kisha mpeleke hospitali. Kwa mtoto aliye hatarini, namba 116 hupigwa bure Tanzania nzima.

Jiandae pia kwa Desemba. Watu wa Kilimanjaro wanapopanda kutoka mijini kuja kula Krismasi nyumbani, magari yanajaa barabara za Marangu na Rombo, na nyumba iliyofiwa mwaka huo huhesabu ni nani hakuja. Wengine waliokuwa wamepata nafuu hurudi nyuma wiki hiyo. Kama ulikuwa umeacha mazoezi, yaanze tena mapema Desemba, dakika tano kabla ya kulala. Mwombe ndugu mmoja akusindikize kaburini siku utakayoichagua, kabla wageni hawajajaa. Wengine huomba wakae humo kimya tu, kwenye kivuli cha migomba karibu na masale, hadi pumzi itulie.